Maji ya Khela, Kama ya Nyumbani

Fundo la kwanza lilikuwa limekaa vizuri. La pili ndilo lililomsumbua. Bahiga aliishika kwa kibano pete ya koo la kondoo, pete nyembamba ya nyama na gegedu, akapitisha uzi chini yake bila kuuvuta. Ukiuvuta, msuli unakasirika, na msuli uliokasirika hausemi kweli mchana kutwa. Alikaza fundo, akakata ncha ya uzi, akaitundika pete kwenye kulabu ndani ya bomba la kioo. Humo maji ya chumvi yalikuwa vuguvugu kama mwili, na hewa ilipanda kwa vipovu vidogo vidogo. Uzi wa juu aliufunga kwenye mkono wa mashine. Mkono ukainua kalamu, na kalamu ikaanza kuchora mstari wa buluu kwenye karatasi iliyokuwa ikijiviringisha polepole.

"Ya nne hiyo," alisema Nihal nyuma yake. "Mama Wail, na hii ikikataa najitupa dirishani."

"Hii ghorofa ya kwanza, daktari. Utavunjika mguu tu, na Alhamisi utasimama mbele yao na gongo."

Nihal alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa utafiti. Muda ulikwisha kuongezwa mara mbili, na mara ya tatu haipo. Leo ilikuwa Jumanne. Alhamisi alitakiwa kusimama mbele ya maprofesa saba katika kitivo cha famasia, hapo hapo mjini Tanta, mmoja wao akija kutoka Cairo, awaeleze alichokipata.

Alichokipata kilikuwa hiki. Msuli unaozunguka njia za hewa ukibana, mtu anavuta pumzi kama anayenyonya kwa mrija uliokunjika. Dawa ya pumu hugonga mlango wa seli ya msuli huo, na ndani anatokea mjumbe, molekuli ndogo sana, anayezunguka akiuambia msuli ulegee. Lakini mjumbe hadumu. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kumkata, ili neno moja lisije likasemwa milele. Ukimzuia mkataji huyo, mjumbe mmoja anafanya kazi ya kumi. Nihal aliamini kwamba khela, zile mbegu chungu ambazo kila bibi wa mtaani amewahi kuzichemsha, inamzuia mkataji. Chupa tatu za maji ya khela zilikuwa zimesema hivyo hivyo: ukitia maji yale, kisha tone dogo la dawa, mstari wa buluu unaanguka hadi chini na kulala huko. Hata kipimo cha mjumbe mwenyewe, kilichofanywa Cairo kwa maji ya chupa ya pili, kilikubali.

Chupa ya nne ndiyo ilikuwa imeanza kukataa tangu Jumapili.

Bahiga alitia dawa ya kubana. Mstari ukapanda, ukafika juu, ukatulia. Alisubiri dakika kumi kwa saa ya ukutani, maana saa ya mkononi alikuwa haiamini, kisha akatia maji ya khela ya chupa ya nne, kisha tone la dawa ya kulegeza. Mstari ukashuka kidogo, kama mtu anayeinamisha kichwa kuitikia salamu, halafu ukaganda hapo.

"Umeona?" Nihal aliushika ukingo wa meza. "Hizi pete zako zimekufa, Mama Wail. Kondoo gani huyo walikupa machinjioni? Mzee kuliko mimi."

Bahiga alikuja pale miaka ishirini na miwili iliyopita na cheti cha biashara, kuandika barua kwa mashine. Kazi ya pete aliisoma kwa macho, akimtazama fundi wa zamani, na majina ya dawa aliyasoma mwenyewe nyumbani, Wail akiwa mchanga mapajani. Hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kuangalia. Aliiosha pete mara tatu kwa maji mapya, akaiacha ipumzike, akaibana tena. Kisha akatoa kwenye jokofu kidogo kilichobaki cha chupa ya tatu, akakipasha moto, akatia. Akatia na lile tone.

Mstari ukaanguka hadi chini na kulala.

"Pete ile ile," Bahiga alisema taratibu. "Pete haina kosa."

Nihal aliinamia karatasi. "Basi kosa langu. Chupa ya nne nilichemsha mwenyewe, nyumbani, Ijumaa. Labda nimeunguza. Mama yangu anasema hata maji nikiyachemsha yanaungua."

Zile tatu za kwanza alikuwa amezichemsha Ami Shehata, mhudumu wa ghorofa ile, aliyefagia, aliyeleta chai, aliyejua kila ufunguo ulipo. Wiki mbili hizi hakuwapo. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Na kana kwamba ameitwa, mlango ukasukumwa kwa kiwiko, naye akaingia na sinia, jicho la kulia limefunikwa kitambaa cheupe.

"Asalaamu alaykum, enyi wachinjaji!"

"Ami Shehata!" Nihal aliruka. "Hamdullah kwa usalama! Unaona?"

"Naona nusu. Na nusu yenyewe inanionyesha umekonda. Kula hizi dengu." Aliweka mezani karatasi ya dengu za kukaanga, bado za moto. "Mama Wail, wewe hukukonda. Mungu akuzidishie."

"Amina. Weka sinia mbali na mashine."

"Amri ya miaka ishirini hiyo," Ami Shehata alimwambia Nihal, "na hajawahi kuisahau hata siku moja."

Nihal alikuwa tayari ameshika mfuko wa mbegu. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Ami, nichemshie khela. Kama zile za mwanzo, usibadilishe kitu. Mkono wako una baraka, wangu una laana. Mimi nina darasa mpaka saa tisa, nikirudi tutaweka pete mpya." Alichukua koti lake, akageuka mlangoni. "Mama Wail, tumepona!"

Viatu vyake vilisikika ngazini, akishuka mbili mbili.

Bahiga alirudi kwenye kiti chake na kuanza kufunga pete nyingine. Lakini kiti alikigeuza kidogo, ili aione meza ya moto. Daftari lake alikuwa nalo wazi. Humo aliandika kila kitu: tarehe, joto la maji, mara ngapi pete imeoshwa. Kwenye safu ya mwisho, ambayo Nihal aliwahi kumcheka kwa ajili yake, aliandika rangi. Chupa ya kwanza: nyekundu kama shaba. Ya pili: shaba. Ya tatu: shaba. Ya nne: manjano, kama mafuta ya alizeti.

Ami Shehata alipima mbegu kwenye mizani kama alivyofundishwa, akazisaga, akamimina maji yaliyokenekwa mpaka kwenye alama. Kila kitu sawa. Akawasha moto, akasimama mikono nyuma akisubiri. Maji yalipoanza kuimba, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukatoka na kikopo kidogo cha bati. Vidole vitatu vikaingia kikoponi, vikatoka na vumbi jeusi, vikaliachia juu ya povu.

Mkono wa Bahiga ulisimama, uzi ukiwa nusu.

Angeweza kuinamisha kichwa tu. Hapo ndipo ilipokuwa shida. Angefunga fundo lake, maji ya shaba yangeingia chupani, mstari ungeanguka hadi chini, na Alhamisi binti yule angepigiwa makofi. Hakuna aliyemtaka Bahiga aangalie meza ya moto. Na baadaye mtu mwingine, mji mwingine, angechemsha khela peke yake, asione kitu, na angeandika jina la Nihal kwa upole unaouma kuliko tusi.

"Ami Shehata," aliita. "Umetia nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo. Sasa hivi."

Mzee akakitazama kikopo kama anakiona mara ya kwanza. "Hii? Chai."

"Chai."

"Chai kavu, ya vumbi. Nzuri hii, siyo ile ya kwenye vifuko."

"Na zile chupa tatu? Ulitia pia?"

"Mama Wail, khela haichemshwi tupu, ungempa nani? Hata punda hanywi." Alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha. "Daktari mwenyewe alinambia: Ami Shehata, nataka khela kama ya nyumbani. Nikamuuliza, kama ya nyumbani kabisa? Akasema kabisa. Nyumbani kwangu ndiyo hii." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa hoja yake bora: "Sukari sikutia. Nilijua hii ni sayansi."

Bahiga aliweka kibano chini. Alitaka kucheka, na alitaka pia kuzima moto. Akazima moto.

"Njoo ukae," alisema.

"Nimeharibu?"

"Kaa kwanza." Alimvutia kiti. "Unajua hivi vikombe vyako. Wageni wakiwa wanakunywa, wamelegea, hawaondoki. Wewe ukianza kukusanya vikombe, wanaelewa, wanainuka. Sivyo?"

"Wageni wa mkuu wa idara hawainuki hata ukikusanya na viti."

"Wageni wa kawaida. Sasa ndani ya huu msuli kuna mtu kama wewe, anakusanya vikombe. Akizuiwa, vikombe vinabaki, na msuli unaendelea kulegea. Daktari Nihal anasema khela inamzuia huyo mtu. Lakini chai nayo inamzuia, Ami. Ndani ya chai kuna kitu, na kwenye kahawa pia, kinachomzuia. Hilo linajulikana tangu zamani. Vile vidonge vya zamani vya pumu ni ndugu zake."

Jicho moja la Ami Shehata lilikuwa kwenye maji, ambayo yalikuwa yakitulia na kugeuka shaba.

"Kwa hiyo huu mstari wake," alisema mwishowe, "unaanguka kwa chai yangu."

"Huenda. Huenda ni khela. Huenda ni vyote viwili. Sasa hatujui."

"Firyal alikuwa hainywi bila chai," alisema mzee. Firyal alikuwa mke wake, aliyefariki miaka sita iliyopita. Bahiga alimkumbuka: mwanamke mfupi aliyekuwa akisimama kila baada ya ngazi tatu, akijifanya anasoma matangazo ukutani. "Anasema uchungu wa khela tupu unamkumbusha mama yangu. Basi natia chai, naipoza, anakunywa, usiku anapumua. Miaka kumi na mmoja, Mama Wail. Nikimwambia kila mtu: khela, khela. Majirani wote nimewachemshia." Alikigeuza kikopo kiganjani. "Ilikuwa khela, au ilikuwa chai?"

"Sijui, Ami."

"Wewe hujui?"

"Mimi sijui."

Hakumwambia kwamba yote mamoja maadamu alipumua. Lingekuwa neno zuri, lakini siyo alilouliza.

Saa tisa na robo Nihal alirudi akipanda ngazi mbili mbili, akiwa na mikate mitatu ya maharage kwenye gazeti. Akawakuta wamekaa, moto umezimwa.

"Mbona mmekaa kama mnasubiri jeneza?"

"Daktari, kaa," alisema Bahiga.

"Ukiniambia nikae ndiyo naogopa."

Bahiga alikuwa amepanga maneno, moja baada ya jingine, kama nyuzi. Lakini Ami Shehata alisimama kabla hajafungua kinywa.

"Ni mimi, binti yangu. Nilikuwa natia chai."

"Chai wapi?"

"Kwenye khela. Zote tatu. Ulisema kama ya nyumbani."

Nihal alitazama mmoja, akatazama mwingine, akingoja mmoja wao acheke. Kisha akatazama chombo cha maji ya shaba. Mikate ilianza kumponyoka, Bahiga akaipokea.

"Nyingi?" aliuliza Nihal. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani, Ami?"

Mzee aliinua vidole vitatu vilivyobana hewa. Nihal alitembea hadi kwenye mizani, akaweka karatasi, akaifuta hesabu mpaka sifuri. "Tia hapa. Kama unavyotia siku zote, usifikirie."

Alitia. Gramu mbili na nukta moja. Akamwagiza atie tena: mbili kamili. Tena: mbili na nukta mbili.

"Mkono wa duka la dawa," alisema Nihal, na hapo ndipo alipoanza kulia. Alienda kulia kwenye sinki, amewapa mgongo, bomba amelifungua ili wasisikie. Ami Shehata aliinua mguu kumfuata. Bahiga alimshika mkono wa shati.

"Mwache. Analia vizuri."

Walisubiri. Nje, muuza gesi alipita akigonga mtungi kwa spana. Bomba likafungwa.

"Nimeandika mimi," alisema Nihal akijipangusa kwa mkono wa koti jeupe. "Ukurasa wa kumi na nne: 'maji ya mbegu, kama yanavyotayarishwa nyumbani.' Nilijiona mjanja. Sikuuliza nyumbani kwa nani."

"Watanifukuza?" aliuliza Ami Shehata.

"Kwa nini wakufukuze? Wewe peke yako katika jengo hili ndiye umefanya ulichoambiwa." Alicheka, akapiga kwikwi, akacheka tena. "Sukari je?"

"Sikutia, wallahi!"

"Alijua ni sayansi," alisema Bahiga.

Walikula mikate wakiwa wamesimama, kwenye korido, kwa sababu Bahiga haruhusu chakula ndani. Dengu za asubuhi nazo zilikuwa zimehamishiwa huko. Nihal alitafuna akitazama sakafu. Alisema angeweza kupeleka matokeo ya zile chupa tatu kama yalivyo. Alisema kwa sauti, kama mtu anayejaribu kiatu dukani akijua hakimtoshi.

"Nimebakiwa na kesho tu," alisema.

"Kesho ni siku nzima," alisema Bahiga. "Pete kumi na sita naziweza, nikianza mapema. Chupa nne, pete nne kila chupa. Khela tupu. Chai tupu. Khela na chai. Na maji matupu."

"Nani atachemsha?"

"Yeye. Zote nne, sasa hivi, mkono mmoja. Ile yako ya Ijumaa hatuihesabu. Huenda kweli unaunguza maji."

"Asante, Mama Wail."

"Na mimi na wewe tusijue ipi ni ipi," aliendelea Bahiga. "Mkono unaojua hufunga fundo kwa upendeleo. Nimejiona mwenyewe. Tena chupa ziwe za kioo cheusi, na kutia atatia mwanafunzi wa chini asiyejua kitu, nyuma ya pazia. Rangi tusiione."

Kwa hiyo wanawake wawili walibaki koridoni, na mlango ukafungwa, na Ami Shehata akachemsha peke yake. Walimsikia akihesabu kwa sauti, akijigombeza, akisema bismillahi juu ya maji matupu. Ilichukua muda mrefu. Alipofungua, chupa nne nyeusi zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja na herufi kwa mwandiko wake mkubwa: alifu, be, jimu, dali. Karatasi ya siri, iliyosema ipi ni ipi, aliikunja mara nne, akaitia kwenye kikopo cha chai, akafunga kifuniko, akakirudisha mfuko wa shati upande wa moyo.

"Hata mkuu wa idara akija na polisi," alisema.

"Na hata mimi nikilia," alisema Nihal.

"Hasa wewe ukilia."

Nihal aliketi kuandika upya ukurasa wa kumi na nne. Aliandika jina la Ami Shehata kwa ukamilifu, na vipimo vyote vitatu vya vidole vyake, na neno chai. Alipofika kwenye sehemu ya matokeo aliacha nafasi, nusu ukurasa, akaweka kalamu chini. Alhamisi angewasomea hivyo hivyo, alisema, pamoja na lolote litakalojaza pale. Na wakimwambia arudi nyumbani, atarudi akijua alichopata.

Bahiga alizima pampu ya hewa. Vipovu vikapungua, vikakoma, na pete ya mwisho ikaning'inia kwenye kulabu imechoka, haina la kusema tena leo. Aliitoa, akaosha mabomba, akainua kalamu kutoka kwenye karatasi ili wino usikauke mahali pamoja. Chupa nne alizitia kwenye jokofu, akaandika kwenye daftari: *Jumatano. Makoo mawili, machinjioni, baada ya alfajiri. Kondoo wachanga.* Safu ya rangi aliipiga mstari.

Ami Shehata alikuwa bado amesimama mlangoni na sinia lake.

"Mama Wail. Kesho mkishajua, mtanambia?"

"Tutafungua karatasi mbele yako."

"Hata kama ni chai?"

"Itakavyosema."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mkono juu ya mfuko wa shati, akaenda zake akigusa ukuta upande asioona.

Bahiga alivuta kiti karibu na dirisha, palipokuwa na mwanga uliobaki, akaanza kukata nyuzi za kesho, kila pete uzi mmoja wa shibiri wa kugawanywa mara mbili, akizilaza sambamba kwenye kitambaa chenye unyevu. Alikata tisa. Mwanga ukawa hautoshi, akaweka mkasi juu ya kitambaa, na zile saba zilizobaki akaziacha mpaka asubuhi.